Siku niliyobadilisha betri ya Pokémon Gold ya dada huku gemu linawaka

Dada yangu mkubwa alinipa kaseti yake ya Pokémon Gold (gemu la Game Boy, ile mashine ya mkononi ya Nintendo, ambalo unakamata na kulea viumbe wanaoitwa Pokémon) akasema, "Mdogo wangu, fanya utakavyofanya ila humo ndani kusipotee kitu." Na alikuwa hatanii, kwenye hiyo kaseti kulikuwa na beji zote 16 na Pokémon wake Typhlosion aliyemlea tangu akiwa kidogo, vitu vya utotoni kabisa.

Kwa wasiojua, zile kaseti za Game Boy zinatunza ulipofikia kwenye chipu ndogo ya memori ambayo umeme ukikata tu inasahau kila kitu, ndo maana mle ndani kuna betri bapa ya volti 3 imelehemewa kwenye bodi. Na Gold na pacha wake Silver ndo zinakula betri zaidi kuliko zile Pokémon za kwanza za Red na Blue, sababu zina saa inayotembea masaa yote hata kaseti ikiwa kabatini, mchana na usiku wa kwenye gemu unatoka humo. Gold ilitoka Japani mwaka 1999, sasa betri ya tangu enzi hizo kuwa bado inashikilia sevu (yaani hapo ulipofikia) ni bahati kubwa. Nikafungua ile skrubu yake ya ajabu (inataka bisibisi yake maalum ya milimita 3.8), nikapima betri na mita, volti 2.7. Yaani bado ipo ila inaelekea ukingoni.

Siku hizi ningetumia kifaa cha kunakili sevu kwenye kompyuta kwanza, na ndo ninachomshauri kila mtu, lakini wakati ule sikuwa nacho. Njia iliyobaki ilikuwa kubadilisha betri huku gemu linawaka, ili Game Boy yenyewe ndo iilishe memori umeme wakati betri haipo.

Hapo bodi ikitikisika tu kwenye sloti imekula kwako, kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa usafi. Nikasugua zile pini kwa pamba za masikio na alkoholi ya isopropili, pamba ya kwanza ikatoka nyeusi tii, nikarudia mpaka zikawa zinatoka nyeupe na dhahabu ya pini inang'aa. Dada akataka kupuliza kama tulivyozoea utotoni nikamwambia hapana dada, pumzi ina unyevu, ndo unaotia kutu. Nikaweka betri mpya kwenye Game Boy Color (zile za kuiwasha yenyewe, siyo ya kaseti), nikachomeka bodi tupu bila ganda, nikawasha, muziki ukaanza.

Pasi ya kulehemu nikaiacha ipate moto vizuri halafu kabla ya kugusa nikaichomoa ukutani, maana umeme ukivuja kwenye ncha ndo mwisho wa Typhlosion. Dada kashika tochi ya simu, hapumui. Kibati cha kwanza kinachoshikilia betri ya zamani kikaachia risasi yake haraka, cha pili kikagoma, nikaichomeka pasi tena ipate moto, nikachomoa, nikarudi, kikaachia. Muziki unaendelea tu. Nikaweka betri bapa mpya ya CR2025 yenye vibati vyake tayari (msije mkabandika betri kwa gundi ya karatasi jamani, inaachia yenyewe siku usiyoijua), nikaangalia chanya na hasi, nikalehemu.

Nikazima. Tukasubiri kidogo, nikawasha tena.

Jina lake likatokea, beji 16, masaa yote aliyocheza yapo. Dada alipiga kelele mpaka mama akaja kuuliza kuna nini huku, na dada akaninyang'anya Game Boy hata ganda sijarudishia, akaanza kukagua boksi moja moja za Pokémon wake akiwataja kwa majina, huyu nilimkamata siku ile naumwa, huyu nilibadilishana na fulani. Halafu bila kuinua macho akasema, "Ile Silver ya shemeji yako nayo nakuletea."