Tulivyofika Kima bila treni

Mwanangu wa gredi ya nne ndiye aliyenitia mbioni. Tulikuwa Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, mbele ya behewa ambalo ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alinyakuliwa ndani yake na simba mwaka 1900. Alikuwa ameenda na wenzake wawili kumvizia simba huyohuyo. Behewa likaegeshwa stesheni ya Kima, naye usingizi ukamzidi akiwa zamu. Simba akaingia kwa mlango wa kuteleza, behewa likainama kwa uzito wake, mlango ukajifunga. Watu watatu na simba, chumba kimoja! Akatokea dirishani na Ryall mdomoni. Mtoto akalikazia macho dirisha, kisha akauliza, "Baba, Kima yenyewe iko wapi?"

Nikadhani tutapanda treni. Wapi! Abiria wa Mombasa walihamia reli mpya, SGR, mwaka 2017, na SGR haina kituo Kima. Ukitoka Athi River, kinachofuata ni Emali. Ikawa matatu, kutoka stendi ya Country Bus.

"Utatushukisha Kima."

"Kima ya samosa, mzee?" Makanga alicheka utani wake mpaka akatusahau. Tukashtukia tuko Sultan Hamud. Kurudi ikawa bodaboda, na hela ya bodaboda sikuwa nimeipangia.

Mama muuza maembe alituonyesha njia ya kwenda relini. "Lakini treni ya watu haipo siku hizi, baba," akanionya.

Mimi ni fundi wa nguo, tepu haikosi mfukoni. Mtoto alishika ncha kwenye ukingo wa ndani wa reli moja, nami nikapiga magoti nikavuta hadi ukingo wa ndani wa ya pili. Mita moja. Nikamwambia ya SGR ni sentimita 143.5, tepu ingefika kwa taabu. Mataruma ni ya chuma, yana kutu rangi ya ugoro. Yangekuwa ya mbao, mchwa wangeshayala zamani.

Mwenzangu hakujali vipimo. Alikula embe lake akiwa ameelekea vichakani, hataki kabisa kuvipa mgongo.

Matatu ya kurudi ilikuwa na mlango wa kuteleza. Kabla hajapanda, alimuuliza makanga kama unafunguka kwa ndani.