Siku moja maishani mwangu: fundi ekzosi (mfumo wa kutolea moshi wa gari), Tandika, Dar es Salaam

Saa 1:00 asubuhi. Chai ya rangi, chapati mbili, nafungua gereji. Wengi hudhani fundi ekzosi kazi yake ni kuzima kelele. Kelele ni sehemu ndogo. Shughuli yenyewe ni kutafuta gari limebanwa wapi pumzi.

Saa 2:15. Mzee mmoja mstaafu anaingia na Toyota IST. "Shikamoo mzee." "Marahaba fundi. Gari haina nguvu." Likiwa la baridi angalau linakwenda. Likishashika moto, kilima kidogo tu linagoma. Akikanyaga mafuta linanguruma bila kuvuta. Huko alikotoka wamemuuzia pampu ya mafuta na filta, na sasa wameanza kuisingizia giaboksi.

Naweka kiganja nyuma ya bomba, dogo anakanyaga mafuta. Moshi unatoka kinyonge, kama mtu anayepuliza uji. Hapo nimeshashuku, ila sifungui gari la mtu kwa kushuku.

Saa 2:40. Spana namba 22, nafungua sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya masega (kichujio cha kauri kinachosafisha moshi, kiko kwenye bomba), na mahali pake nafunga geji ya presha. Injini ikiunguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta, njia ikiwa safi, mshale haupiti sana psi 1 (psi ni kipimo cha presha). Ukifikisha RPM 2,500, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, mshale usizidi 3. Hapa umeanzia 4, na kwenye 2,500 umepita 9, bado unapanda. Namwita mzee aangalie mwenyewe. Moshi wa zamani usipotoka, hewa mpya haipati nafasi ndani ya silinda. Hata ungefunga pampu tatu, ni bure.

Presha inakwambia kuna kizuizi, haikwambii kiko wapi. Kwa hiyo nalegeza kiungo cha nyuma ya masega na kuwasha tena. Kelele inajaa mtaa mzima, lakini geji iko palepale. Basi mafla, ile ya kuzima kelele, haina kosa, bomba la nyuma halina kosa. Ni masega.

Saa 4:00. Yametoka. Masega mazima ukiyaelekeza juani unaona mwanga kupitia vitundu vyake vidogo vya mraba. Haya yameyeyuka katikati, yakawa bonge jeusi linalong'aa kama sukari guru iliyoungua. Mwanga unapita pembeni tu. Kauri haiyeyuki kwa moto wa kawaida. Namuuliza mzee kama taa ya injini ilikuwa inawaka. "Tangu Ramadhani. Waliniambia ni sensa tu."

Tunapima koili, zile zinazotoa umeme wa plagi, moja moja. Ya silinda ya 3 imekufa. Miezi yote hiyo petroli ya silinda ile ilikuwa inatoka mbichi na kwenda kuwakia ndani ya masega. Ningefunga masega mapya na kuiacha koili ile, angerudi hapa baada ya muda akinilaani, na angekuwa na haki.

Saa 6:30 mchana. Wali maharage. Mnunuzi wa masega kapita, kama kawaida yake, kwa sababu mle ndani kuna madini ya thamani: platini, paladiamu na rodiamu. Ametaja bei yake. Namwambia mwenye mali yuko pale kwenye benchi, ongea naye. Hili linaniudhi: kuna mafundi wanaomwambia mteja masega yameziba, kumbe ni mazima. Wanayatoa, wanayauza, na bado wanamtoza ufundi! Ukiambiwa yameziba, dai uonyeshwe geji.

Saa 8:00. Kijana mwenye gari la cc 1500 anataka bomba la inchi 3 tangu mbele hadi nyuma. "Kaka, likipumua ndiyo linakimbia." Ni kweli nusu. Moshi hutoka kwa mapigo, na kwenye bomba la kiasi unakwenda kasi kama upepo wa uchochoroni, kila pigo likivuta la nyuma yake. Bomba likizidi upana, kasi inapotea, na kwenye foleni ya Mbagala gari linakuwa zito. Nimemshauri inchi 2. Ameondoka amenuna, nadhani ameshapata fundi mwingine.

Saa 9:30. Fleksi, kile kipande cha bomba kinachopinda, ya Toyota Noah. Kwa nje wavu mzima, ndani bati limejikunja kama soksi. Nimeikata na kuchomelea nyingine, nusu saa.

Saa 11:00 jioni. IST ina koili mpya na masega ya mtumba niliyoyapima kwanza kwa tochi. Geji: chini ya psi 1, na 2 kwenye 2,500. Mzee amezunguka nalo, amerudi anacheka.

Mnunuzi bado alikuwa anasubiri, ameongeza bei mara mbili. Mzee amekataa. Lile bonge amelifunga kwenye gazeti, akaliweka kiti cha mbele. Anasema kesho anampelekea fundi aliyemuuzia pampu.