Gemu za M2: nilivyozitafuta hadi nikaipata ndege ya Laura

Kwa miezi kadhaa nilikuwa na kaunta buku moja niliyoigawa safu tatu kwa kalamu nyekundu, na kila niliporudi kutoka kazini niliifungua kabla hata sijala. Nilikuwa natafuta gemu za M2, mashine ya Panasonic ya kuchezea gemu ambayo haikuwahi kuingia dukani. Naandika haya kwa sababu njia niliyoanza nayo ilinipotezea muda mwingi, na huenda kuna mwingine anayehangaika kama nilivyohangaika mimi.

Kwa asiyeifahamu: mwaka 1993 Panasonic walitoa mashine ya 3DO, iliyobuniwa na kampuni ya Trip Hawkins huko Marekani. Bei yake ilikuwa dola 699, na kwa bei hiyo wanunuzi hawakuwa wengi. M2 ndiyo ilikuwa iwe jibu. Mwanzoni ilikusudiwa kuwa kifaa cha kuchomeka kwenye 3DO ili kuiongezea nguvu, kisha ikageuka kuwa mashine kamili yenye prosesa mbili za PowerPC 602. Mwaka 1995 Matsushita, wenye jina la Panasonic, walilipa dola milioni 100 kuimiliki teknolojia hiyo. Mwaka 1997 wakaachana nayo. PlayStation ilikuwa imeshashika soko, Nintendo 64 imeshafika, na wao wakaona hawana nafasi ya kupenya.

Kinachoniuma siyo mashine. Kuna watu walikaa ofisini usiku na mchana wakitengeneza gemu zake, na siku moja wakaambiwa mashine haitoki. Nilitaka kujua kazi za mikono yao zilikwenda wapi.

Kosa nililoanza nalo ni kukusanya majina. Orodha za gemu za M2 zipo nyingi, na nyingi zimenakiliwa moja kutoka nyingine. Nilikuwa nahamishia kwenye kaunta buku kila jina nililokutana nalo, na nikifurahi kuona ukurasa unajaa. Wiki ya tatu nikagundua gemu moja nimeiandika mara mbili, mara kwa jina la muda, mara kwa jina lake la mwisho. Hapo nikaanza kutilia shaka ukurasa wote. Jina peke yake haliwezi kukuambia kama kuna mtu aliyewahi kuigusa kazi, au ni ahadi tu iliyotolewa jukwaani.

Aliyeninasua ni dada mmoja tunayefahamiana, anayeongoza watalii wa Kijapani Arusha. Nilimtumia picha za kurasa za gazeti la gemu la Kijapani la miaka ile nikimwomba anisomee majina.

"Majina yameandikwa kwa sauti tu, mdogo wangu, nikikufundisha herufi utayasoma mwenyewe," aliniambia kwenye simu. "Wewe angalia pembeni, chini ya kila picha. Hapo ndipo pamesemwa hali ya gemu yenyewe."

Kweli, pembeni kulikuwa na maneno yaliyokuwa yanajirudia. *Kaihatsu-chū*, yaani inatengenezwa. *Yotei*, yaani imepangwa. Na *mitei*, yaani haijaamuliwa. Nikamwomba aniandikie alama za hilo la mwisho anitumie, akakataa. "Andika mwenyewe, dada yako nikague, ndiyo mkono utazoea."

Nikaandika 未定, nikampigia picha. Akacheka kidogo kisha akanirekebisha. Alama ya kwanza ni kama mti wenye matawi mawili. Tawi la juu likiwa fupi, 未, maana yake ni "bado". Mimi nilikuwa nimelirefusha, na ukilirefusha, 末, inakuwa "mwisho". Tofauti yake ni urefu wa mstari mmoja. Niliirudia alama hiyo ukurasa mzima wa mwisho wa kaunta buku.

Kuanzia siku hiyo niliacha kuuliza "jina gani" nikaanza kuuliza "nani alikuwa anaitengeneza, na baada ya 1997 alitoa nini?" Nikachana kurasa za zamani na kuanza upya na safu tatu: zilizohama, zilizobaki na mashine, na zilizoishia kwenye "bado".

Za kuhama zilijipanga haraka kuliko nilivyotegemea. Iron & Blood, ya kupigana kwa mapanga, ilishatokea PlayStation tangu 1996. ClayFighter III iliibukia Nintendo 64 mwaka 1997 ikiitwa ClayFighter 63⅓. Ukifuata mkono wa mtengenezaji, gemu inakuja yenyewe.

Za kubaki zilinishangaza. IMSA Racing, ya mashindano ya magari ya Marekani, ilitengenezwa na 3DO wenyewe na ilikuwa imefika karibu kabisa na mwisho mashine ilipoachwa. Nakala yake ilisalimika. Pia kulikuwa na safu nzima ambayo sikuwa nimeifikiria: Konami walichukua teknolojia ya M2 wakaiweka ndani ya makabati ya gemu za sarafu. Polystars na Total Vice za 1997, kisha Battle Tryst, Evil Night na Heat of Eleven '98. Gemu tano! Mwanzoni nilikuwa nimezitupa kwa kuwa si za sebuleni. Nikazirudisha. Watu walizicheza, wakaingiza sarafu zao, na ndani ya kabati ilikuwa M2.

Ikabaki D2, ambayo ndiyo iliyonifanya nianze yote haya.

D ya kwanza, ya 1995, ilikuwa gemu ya Kenji Eno na kampuni yake ya Warp: msichana anayeitwa Laura ndani ya ngome, una saa mbili tu, huwezi kuhifadhi wala kusimamisha. D2 ilitangazwa kwa ajili ya M2. Mashine ilipokufa, Eno akaipeleka Dreamcast, mashine ya gemu ya Sega, ikatoka Japani mwisho wa 1999. Kwa hiyo mimi niliiweka moja kwa moja kwenye safu ya kuhama na nikataka kuicheza.

Dreamcast niliipata Darajani, Unguja, kwa wauza mitumba ya Japani. Hapa niwaonye wenzangu: vifaa vya Japani ni vya volti 100 na ukutani kwetu ni 230. Bila transfoma ya kushusha umeme utaiunguza siku ya kwanza. Mimi nilinunua transfoma kabla ya kununua diski, na diski za D2 ni nne.

Nikaiwasha. Laura yuko ndani ya ndege. Inatekwa, kimondo kinaipiga, inaanguka kwenye theluji Kanada. Nikatembea kwenye theluji ile usiku baada ya usiku, nikawinda nyama ya kula kwa bunduki, nikapigana na madude yaliyokuwa watu. Nilikuwa nangoja ngome. Diski ya pili, ya tatu, ya nne. Ngome haikuja.

Nikarudi kwenye habari za D2 ya M2, nikazisoma safari hii kwa makini. Hadithi yake ilikuwa nyingine kabisa. Mtoto wa Laura anatekwa akiwa bado tumboni, anapelekwa zama za kale, na mchezaji ni huyo mtoto, ndani ya ngome. Eno hakuihamisha ile gemu, alianza upya na kubakiza jina. Alifariki mwaka 2013, na ile ya ngome hakuirudia.

Niliumia, sitaficha. Halafu nikagundua kitu kilichonifanya niwashe tena diski ya kwanza. Katika ile ya M2, mtoto anatekwa wapi? Mama yake akiwa safarini, ndani ya ndege. Nikakaa mbele ya runinga nikaangalia mwanzo wote tena: viti, abiria, Laura kimya dirishani. Mashine ilikufa, ngome ikaachwa, mtoto akaachwa, lakini ndege ilivuka.

Nikafungua kaunta buku, nikaandika D2 mara mbili, safari hii kwa makusudi. Moja kwenye safu ya kuhama. Nyingine kwenye safu ya tatu, na mbele yake nikachora ule mti, tawi la juu nikalifanya fupi.