Tusitie sahihi kwanza
Leo hapa hotelini Mombasa tumepewa kanuni mpya za maadili, tukaambiwa tutie sahihi kabla zamu haijaisha. Sare safi, kufika mapema, kuheshimu wageni: hayo hatuna neno nayo. Kinachotuuma ni kipengele kinachokataza kuzungumzia mishahara, hata kwenye kundi letu la WhatsApp. Sasa chama kitadai vipi nyongeza ambayo wanachama hawaruhusiwi hata kuitaja? Katibu wetu wa tawi amekataa, ameiandikia menejimenti barua akitaka mazungumzo. Namuunga mkono kwa moyo wote. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kushiriki shughuli zake. Wenzangu wa zamu ya usiku, kikao ni kesho saa kumi jioni. Njooni.