Jinsi tulivyoandaa pikipiki mbili kwa safari ya Lubumbashi hadi Dar es Salaam

Miezi mitatu kabla ya safari nilichukua brashi ya waya na kitambaa kilicholowa petroli, nikasugua shingo ya fremu ya kila pikipiki hadi namba ya chesisi ikasomeka yote. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumekubaliana kwenda kumtembelea dada yetu aliyeolewa Dar es Salaam, karibu kilomita 2,000 kutoka nyumbani Lubumbashi, Kongo, naye alikuwa ametuahidi kwamba tukifika salama atatuvusha kwa boti hadi Unguja. Pikipiki zetu ni za injini ya ukubwa wa cc 150, tulizinunua zikiwa zimekwisha kufanya kazi ya kubeba abiria mjini, na kila mtu aliyesikia mpango wetu alituuliza kuhusu injini. Hakuna aliyeuliza kuhusu namba.

Nilipoilinganisha namba ile na kadi ya pikipiki, ambayo kwetu huitwa karti rozi, niliona kwamba tarakimu moja ya pikipiki ya mdogo wangu ilikuwa imeandikwa vibaya kwenye karatasi. Mjini kosa hilo lilikuwa limeishi miaka kadhaa bila kumsumbua mtu, lakini mpakani afisa wa forodha huinama na kuisoma namba kwenye chuma kabla ya kutoa kibali cha kuingiza chombo kwa muda, na namba isiyolingana humfanya mwenye pikipiki aonekane mwizi. Marekebisho yalituchukua wiki tano za kwenda na kurudi ofisini. Kama ningeanza na spana na kuziacha karatasi ziwe za mwisho, tungefika Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, na pikipiki nzuri ambazo hazingeruhusiwa kuvuka.

Katika karatasi nyingine nitataja jambo moja tu, kwa sababu limewachanganya wasafiri wengi wa kwetu. Kadi za njano ni mbili. Moja ni ya mwili wako, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Nyingine ni ya pikipiki, bima ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, inayolipia madhara utakayomsababishia mtu mwingine katika nchi nyingine zilizomo katika mpango huo, zikiwemo Zambia na Tanzania. Ukiambiwa mpakani uonyeshe kadi ya njano, uliza kwanza ni ipi.

Kazi ya ufundi tuliifanyia Katuba, mtaa wa Lubumbashi, katika karakana ya mzee mmoja aliyewahi kutengeneza pikipiki za marehemu baba. Tulidhani tutamwachia pikipiki na kurudi baada ya siku mbili. Alikataa. Alikaa kwenye kigoda chake, akatupa sisi spana, akasema, akitaja mji wa Zambia ulio njiani kwetu, «Wanangu, mimi sitakuwapo Mpika.» Tangu siku hiyo kila boliti tuliifungua kwa mikono yetu, naye akawa anatazama na kutusahihisha, na tairi la nyuma alitulazimisha kulitoa na kulirudisha mara nne, mara ya mwisho wakati wa jioni giza likiingia, tukiwa na tochi moja. Naamini kwamba uamuzi huo wa mzee ulitufaa kuliko kipuri chochote tulichonunua.

Tulianzia kwenye magurudumu. Beringi zake, ambazo mafundi wetu huziita rulema, hazionyeshi uchakavu kwa macho. Unaingiza kidole katikati ya gurudumu lililotolewa, unazungusha taratibu, na ukihisi kokoto ndogo ndani yake, hiyo ni ya kutupwa. Tatu kati ya nne za mbele zilikuwa na kokoto. Tulibadilisha zote, za mbele na za nyuma, kwa kuwa bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na gharama ya kukwama njiani. Spoku tulizikagua kwa sikio: unaigonga kila moja kwa spana ndogo, iliyokaza hulia kama kengele na iliyolegea hutoa sauti nzito isiyodumu. Viatu vya breki tuliviweka vipya, kwa sababu nilijua kwamba baada ya Iringa barabara huteremka mlima Kitonga kwa kona nyingi, na breki ya ngoma ikipata joto kali hupungua nguvu.

Kwenye mnyororo nitakaa kidogo, maana hapo ndipo tulipokosea. Tuliurekebisha pikipiki ikiwa tupu, tukaacha mchezo, yaani ulegevu, wa milimita 25 kama tulivyozoea, tukaridhika. Mzee akatuamuru tufunge mizigo yote na mmoja wetu akae juu ya kiti. Mnyororo ulikaza kama waya wa gitaa. Sababu yake ni hii: gurudumu la meno la mbele halikai mahali pamoja na mhimili ambao mkono wa nyuma, unaoshika gurudumu, hugeukia, kwa hiyo mzigo unaposhusha pikipiki, gurudumu la nyuma husogea mbali zaidi na meno ya mbele, na mchezo uliouona pikipiki ikiwa tupu hutoweka. Mnyororo uliokaza hivyo kwa kilomita 2,000 hula beringi ya injini na ya gurudumu kabla haujakatika wenyewe. Tulianza upya, safari hii tukipima pikipiki ikiwa imebeba kila kitu pamoja na mpandaji.

Oili haikutuchukua muda. Klachi ya pikipiki kama hizi huoga katika oili ileile ya injini, kwa hiyo tulichagua iliyoandikwa JASO MA kwenye chupa, alama ya oili inayofaa klachi ya namna hii, na kuachana na oili za magari, ambazo baadhi yake zina dawa ya kupunguza msuguano inayoweza kuifanya klachi iteleze.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa ndani ya kabureta. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, ambako hewa ni nyepesi, na Dar es Salaam iko usawa wa bahari, ambako hewa ni nzito na injini huvuta zaidi kila inapopumua. Mwenye pikipiki wa zamani, ili kuokoa petroli katika kazi yake ya kubeba abiria, alikuwa ameweka jikleri, kile kipande kidogo chenye tundu la kupitishia petroli, yenye tundu dogo kuliko ile ya kiwandani. Hapa nyumbani pikipiki ilitembea vizuri hata tukamshukuru. Lakini kadiri tunavyoteremka kuelekea pwani, hewa ingeongezeka na petroli ingebaki ileile, mchanganyiko ungekuwa mkavu, na injini inayochoma mchanganyiko mkavu hupata joto la kuweza kuyeyusha pistoni. Tulitafuta jikleri ya namba ya kiwandani katika maduka ya vipuri karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kwa siku mbili. Baada ya kuiweka, pikipiki ilianza kunywa petroli zaidi kidogo na buji, yaani plagi inayotoa cheche, ikawa nyeusi kiasi, na mdogo wangu akalalamika, «Yaya,» kama tunavyomwita kaka mkubwa, «tumeiharibu.» Mzee alimwambia asubiri hadi baharini.

Kisha tulifanya jambo ambalo ningelirudia hata kwa safari iliyo nusu ya hii. Tulipakia pikipiki kama siku ya kuondoka, bila kubakiza hata sufuria, tukaenda Kolwezi na kurudi, takriban kilomita 600 kwa siku mbili. Tulipofika Likasi, spoku saba za gurudumu langu la nyuma zilikuwa zimelegea. Kabla ya Kolwezi keria ya mdogo wangu ilikatika kwenye mshono. Mchomeleaji alikuwa ameiunganisha kwa bati jembamba pembeni mwa tundu la boliti, na sisi tulikuwa tumeongeza kosa letu kwa kuweka begi la zana, zito kuliko yote, nyuma kabisa ya ekseli, ambako kila shimo la barabara huligeuza kuwa nyundo. Tuliifunga kwa kamba ya mpira na kurudi nyumbani mwendo wa polepole.

Nyumbani tuliazima mizani ya jirani anayeuza unga. Mzigo wa kila mmoja ulikuwa kilo 38. Tulitoa sufuria kubwa, jiko, dumu la pili la mafuta, nguo ambazo hatukuwa na sababu ya kuzibeba, tukafika kilo 24. Keria zilitengenezwa upya zikiwa na nondo inayoteremka hadi kwenye kiegemeo cha miguu, na zana zikahamia mbele, kwenye mifuko miwili iliyolazwa juu ya tanki. Upepo wa tairi la nyuma tuliupandisha hadi bar 2.5, ukipimwa asubuhi kabla tairi halijapata joto. Taa za mbele tulizishusha tukiwa tumepakia, kwa kuwa mzigo huinua pua ya pikipiki na mwanga huenda moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Kwenye kioo cha kushoto kila mmoja alifunga uzi mwekundu: ukivuka Kasumbalesa unaacha kuendesha kulia na kuanza kuendesha kushoto, na baada ya mapumziko ya chakula akili hupenda kurudi ilikozoea.

Vipuri tulivyobeba vilikuwa vichache: tyubu mbili za kila ukubwa, viraka na pampu, buji mbili, kiungo cha mnyororo, balbu, chujio la petroli, na waya wa klachi ambao hatukuuweka begini, bali tuliulaza kando ya ule unaofanya kazi na kuufunga kwa utepe, tayari umepita njia yake yote kutoka mkononi hadi kwenye injini.

Tuliondoka mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, asubuhi ya baridi kali, tukapita kando ya foleni ya malori ya shaba huko Kasumbalesa. Waya wa klachi yangu ulikatika mbele ya Serenje, na kwa kuwa mwenzake ulikuwa palepale, nilitumia robo saa. Mpika, mji wenye karakana za reli ya TAZARA, ambako nilikuwa nimejipa moyo kwamba sitakosa mchomeleaji, tulilala tu na kuendelea, keria zikiwa nzima. Kitonga tuliteremka kwa gia ya pili, tukigusa breki kwenye kona peke yake, na hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara kuu hupita katikati yake, tulihakikisha tunaikata mchana, kwa sababu wanyama huvuka.

Siku ya saba, uani kwa dada yetu, joto la pwani likiwa limetulowesha, mdogo wangu alifungua buji ya pikipiki yake kabla hata ya kuoga. Ncha yake ilikuwa ya kahawia safi, bila weusi wala weupe, ishara kwamba mchanganyiko ulikuwa sawa. Tuliipiga picha tukamtumia mzee. Akajibu kwamba tumwage oili kabla ya kuanza kurudi, na tupime mnyororo tukiwa tumekaa juu ya viti.