Mi niliishia Kibo

Tumerudi Tanga juzi usiku, basi limetushusha Kange nikapigwa na lile joto letu lenye chumvi, yaani nilitaka kulibusu. Magoti bado yanauma, ngazi nashuka kinyumenyume kama kaa, nyumbani wananicheka tu.

Kwa wasiojua, tulikwenda Kilimanjaro na wanafunzi 14 wa kidato cha tatu, njia ya Marangu, kuchangisha hela za matundu ya vyoo kwa shule ya msingi jirani, maana mabinti wa darasa la sita na la saba wakiwa kwenye siku zao wanabaki nyumbani. Mpango wa kuchangisha ulikuwa wangu na niliuona wa akili sana: kila mtoto na daftari lake, azunguke mtaani, mtu aahidi kiasi kwa kila kituo, Mandara, Horombo, Kibo, Gilman's mpaka Uhuru kileleni kabisa, mtoto akifika unalipa. Kolamu nilizichora mwenyewe kwa rula. Kuna binti nitamwita Mwana (sio jina lake), alizimaliza barabara zote za Ngamiani mpaka akafika kwa mzee mmoja muuza pweza, mzee akaahidi elfu mbili kila kituo, Uhuru elfu kumi.

Mazoezi tulifanyia Lushoto, tukapanda Magamba mara mbili tukajiona majembe. Sasa we mtu wa baharini, umezaliwa usawa wa maji, unaenda mita 5,895 ambako oksijeni ni kama nusu ya ile unayoivuta Raskazone, halafu ujione jembe!

Siku ya kwanza msitu, raha tu. Ya pili Horombo, mita 3,720, wagumu, yaani wapagazi, wanatupita na mizigo kichwani na bado wanapiga stori. Jioni ile Mwana hakula, akasema ameshiba chai. Nikamwamini. Kesho yake ni jangwa, upepo, vumbi, kilele cha Mawenzi nyuma yetu, na Kibo kwenyewe hakuna maji, wagumu wanayabeba toka chini.

Tulipofika Kibo, mita 4,720, mwongozaji wetu akachora mstari chini kwa fimbo, kila mtoto apite kisigino kwa kidole, aone nani kashikwa na ugonjwa wa mwinuko. Wengine wakapita. Mwana akayumba, akarudia, akayumba tena kama ngalawa kwenye kusi, akatapika pembeni.

“Mwalimu, huyu hapandi. Anashuka, na anashuka sasa hivi.”

Ndo akaanza kulia. “Madam, kichwa kinaniuma toka Horombo, nilijua nikisema mtanirudisha, na lile tundu halitimii.” Mtoto alikuwa na hesabu yote kichwani, nani anadaiwa ngapi Gilman's, nani Uhuru. Kaficha ugonjwa unaoua watu kwa ajili ya kolamu zangu! Sikuwa na la kumwambia, nikamfunga tu kamba za viatu.

Nikashuka naye mimi na mwongozaji msaidizi, usiku, kwa tochi, na sitadanganya, kuna kipande cha moyo kilibaki kule juu kikinung'unika maana na mi nilitaka ile picha ya kibao cha kileleni. Kufika Horombo akaanza kupata rangi, saa tatu anaomba supu, anauliza kama kuna chapati. Wenzetu waliondoka Kibo usiku wa manane, tisa wakafika Uhuru, wengine wakaishia Gilman's. Nilifurahi. Na wivu nilikuwa nao, basi.

Leo asubuhi nimemsindikiza Mwana kwa mzee wa pweza. Kamwamkia, kampa daftari, akasema, “Babu, nimeishia Kibo.” Mzee kahesabu elfu sita, kamili, wala hakuongeza. Tunageuka kuondoka akatuita.

“Na kushuka je, usiku ule mlishuka vituo vingapi?”

“Kimoja, babu.”

Akatoa elfu mbili nyingine, zinanuka pweza. Mwana akaziandika pembeni kabisa ya ukurasa, kolamu yake haikuwepo.