Siku moja maishani mwangu: dakika arobaini za sandi, Lake Lewisville

Kazi yangu ni kuwapeleka watu kuvua kwenye Lake Lewisville, kaskazini mwa Dallas, Texas. Julai hii tunawafuata samaki waitwao besi weupe, sandi kama wanavyoitwa huku, na tunawavua kwa chambo bandia kinachoelea juu ya maji. Biashara nzima inasimama juu ya dakika kama arobaini za alfajiri. Kabla yake ni maandalizi, baada yake ni kutafuta kwa jasho, na ndiyo sababu majirani wananiona mwendawazimu. (Saa ninazotaja ni za Kiswahili. Nimekaa Marekani miaka mingi lakini kichwani bado nahesabu hivyo.)

Saa 9:30 usiku

Chai ya rangi na chapati ya jana. Boti ililala juu ya trela, betri zimejaa chaji, mafuta yapo. Ninachokagua kwa tochi ni ndoana. Vyambo vingi vya kuelea huuzwa vikiwa na ndoana mbili za matawi matatu. Mimi huzing'oa zote na kuweka ndoana za tawi moja. Sandi akitolewa majini hatulii, anajipinda na kujirusha, na matawi sita yakiwa karibu na vidole vya mtoto gizani, safari inaweza kuishia hospitali. Tena ndoana ya tawi moja inachomoka upesi, na kwa muda nilionao, upesi huo una thamani kuliko samaki wawili watatu watakaoponyoka.

Aina za vyambo ninazobeba kwa ajili ya alfajiri ni mbili tu. Ya kwanza ni Tiny Torpedo, kidude chenye panga dogo mkiani linalozunguka na kurusha maji. Ya pili ni chambo kirefu, chembamba, kinachotema maji mbele kila ukikivuta. Hiki cha pili mara nyingi hakikamati kitu chenyewe: nyuma yake, kama nusu mita, nafunga ndoana ndogo yenye manyoya meupe. Kikubwa kinapiga kelele, kidogo kinaliwa.

Wateja huniuliza sana kuhusu rangi. Nyeupe, ya fedha, ya bluu, mimi sijaona tofauti ya maana. Ukubwa ndio wa kuangalia. Sandi wanakula shedi, samaki wadogo wa fedha wanaotembea kwa makundi, na mwezi huu shedi wengi ni wa mwaka huu huu, hawazidi kidole kidogo cha mkono. Ukiwarushia chambo cha urefu wa kiganja watakisindikiza hadi kwenye boti na kukuacha.

Saa 10:45 alfajiri

Wateja wamefika kwenye mteremko wa zege wa kushushia boti kabla yangu, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Ni mzee mmoja wa Uvira, Kongo, anayeishi Fort Worth, shemeji yake, na wanawe wawili, mmoja wa miaka kumi na sita, mwingine kumi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mutoto wa Kigoma. Walinambia unatoka ng'ambo yetu."

Kumbe tumekulia ziwa moja, yeye kwenye pembe yake ya kaskazini, mimi upande wa mashariki. Tukapoteza dakika tano tukiulizana habari za Tanganyika huku shemeji akipiga miayo.

Leseni za watu wazima wawili nimeziangalia. Watoto hawazihitaji, Texas inazidai kuanzia miaka kumi na saba. Majaketi ya kuokolea nayo sheria inawalazimisha kuyavaa walio chini ya miaka kumi na mitatu boti ikiwa mwendoni, lakini kwenye boti yangu kukiwa na giza wanavaa wote, mzee pia. Hakubisha. Mtu aliyelijua ziwa kubwa usiku habishani juu ya hilo.

Saa 11:15 alfajiri

Tunakwenda polepole, taa za boti zimewashwa. Hili si ziwa la asili. Bwawa linaloshikilia maji ya Elm Fork, tawi la mto Trinity, lilikamilika 1955, na ndani ya ziwa hili limemezwa ziwa la zamani zaidi, Lake Dallas. Tuta lake, Garza Dam, lilikatwa 1957 ili maji mawili yawe moja. Kwa hiyo chini yetu kuna matuta, barabara za kale na vilima vilivyofunikwa, na makundi ya shedi hupita juu ya vitu kama hivyo. Upepo wa kusini ukivuma usiku kucha, huwasukumia kwenye ncha za ardhi za upande wa kaskazini. Jana ulivuma, kwa hiyo ndiko tunakoenda.

Mbali kidogo na ncha hiyo nazima mashine. Hapa ndipo wateja wengi hunitazama kwa mashaka: wamelipa, wameamka usiku, na mimi nakaa tu. Nawaambia waongee wakitaka, ila wasikanyagekanyage sakafu wala kubamiza kifuniko cha deli la barafu. Sona yangu inaonyesha kilicho chini ya boti, lakini samaki ninaowataka wako mbali na boti, juu, na watajitangaza wenyewe. Kijana mkubwa akatoa simu. Nikamwomba aizime mwanga, si kwa sababu ya samaki, bali kwa sababu ya macho yake, yazoee giza.

Saa 12:05 asubuhi

Aliyeona wa kwanza ni mzee. "Kijana, tazama kule. Maji inachemka!"

Ilikuwa kweli. Eneo la ukubwa wa chumba, upande wa kulia, lilikuwa limepasuka: shedi wanaruka hewani, migongo ya sandi inakata maji chini yao, na nyangenyange wawili waliokuwa ufukweni tayari wako angani. Sandi huwinda kwa kundi. Wanawazunguka shedi kwa chini na kuwapandisha, mpaka hawana pa kukimbilia isipokuwa juu, na juu ndio mwisho wa maji. Mzee akamweleza mwanawe kwamba ndivyo mukeke wanavyowafanyia ndagala kwao. Mimi nilikua nikiwaita migebuka na dagaa, lakini sikuwa na muda wa kuchangia.

Mota ndogo ya umeme ya mbele, taratibu, hadi umbali wa kurusha. Si karibu zaidi.

"Rusha kupita kundi, si katikati. Halafu kivute kipite ndani."

Mdogo alirusha, kikatua vizuri, akaanza kuvuta. Maji yakalipuka kando ya chambo, naye akanyanyua ufito kwa nguvu zote. Chambo kikaruka kikarudi kwetu kitupu. Kila mgeni hufanya hivyo. Sandi hupiga mara nyingi akikosa, na ukishtuka kwa kuona mlipuko unamnyang'anya chambo kabla hajakishika. "Usimvute kwa macho," nikamwambia. "Endelea kuzungusha, ungoje uzito mkononi." Mrusho uliofuata alipigwa mara tatu. Ya tatu ufito ukainama, akapiga kelele kwa Kiingereza, baba yake akapiga kelele kwa Kiswahili, na shemeji, ambaye hadi hapo hakuwa amesema neno, akawa tayari ana wawili kwa mpigo: mmoja kwenye chambo kirefu, mwingine kwenye manyoya.

Kisha kimya. Kundi limezama. Dakika mbili hivi, likatokea upande mwingine, tukasogea, tukarusha. Ndivyo lilivyo, linaibuka na kuzama, na kazi yangu ni kukisia litaibukia wapi. Naangalia shedi wa mwisho walikimbilia wapi, kisha naelekeza boti mbele yao, si nyuma yao.

Mara ya nne au ya tano ilitokea boti nyingine, ikaja kwa kasi hadi katikati ya kundi, ndipo ikazima mashine. Mawimbi, kelele, na maji yakalala kama hayajawahi kuwa na kitu. Mwenye boti akatupungia mkono kwa furaha. Mzee alisema jambo kwa Kifuliiru, lugha ya kwao, ambalo sikuomba tafsiri yake.

Tuliwapata tena pembeni. Kijana mkubwa akaleta samaki mwenye mistari iliyokatikakatika, mrefu kidogo kuliko wenzake, nikamfungua mdomo. Sandi ana kiraka kimoja cha meno juu ya ulimi, kwa nyuma, na mistari yake ni hafifu. Haibridi, mtoto wa sandi na besi milia, anayepandikizwa katika ziwa hili, ana viraka viwili na mistari kadhaa inayofika mkiani. Sababu ya kumchungulia ni sheria: sandi unaruhusiwa ishirini na watano kwa mtu kwa siku, kuanzia inchi 10, lakini haibridi ni watano tu na lazima afike inchi 18. Huyu hakufika. Kijana alimwachilia akilalamika, nami namwelewa, maana ndiye aliyempigania zaidi asubuhi yote.

Saa 1:10 asubuhi

Jua limepanda, maji yamelala. Nawaondolea vyambo vya juu na kuwapa vyambo vizito vya madini ya risasi vya kushusha wima, tukitafuta kilima cha chini ya maji kwa sona. Kiangazi maji ya chini kabisa hayana hewa ya kutosha, kwa hiyo samaki wanasimama juu ya mpaka huo, na ukiujua unajua usishuke kupita wapi. Tulipata wengine, wachache. Inalisha, lakini hakuna anayepiga kelele.

Saa 3:30 asubuhi

Nchi kavu. Nachomoa vizibo vyote, natoa maji ya chini ya boti na ya tangi la samaki, nafuta majani kwenye trela. Kome wa milia, konokono-maji wavamizi wenye magamba mawili, waligunduliwa Lake Texoma 2009, na tangu 2014 sheria ya Texas inataka kila boti imwage maji inapotoka ziwani, kwa kuwa vitoto vyao havionekani kwa macho. Wengine huniona napoteza muda. Wasubiri waone bomba lililozibwa na kome.

Saa 4:15 asubuhi

Meza ya kusafishia samaki. Kwa kawaida natoa minofu na kukata ile nyama nyekundu ya ubavuni, kwa sababu ndiyo yenye ladha kali inayowafanya watu waseme sandi hafai kuliwa. Samaki akitoka majini moja kwa moja hadi kwenye barafu yenye maji, na nyekundu ikaondolewa, sina ugomvi naye mezani. Lakini mzee aliposhika kisu changu chembamba alicheka.

"Na kichwa unakipeleka wapi?"

Kwa hiyo leo nimeparua magamba, nimetoa matumbo, nimechanja ubavuni, vichwa vimebaki mahali pake. Mafuta, chumvi, pilipili, kisha bugali, alisema, na akaniachia wanne nikaange nyumbani kwa namna hiyo. Niliwakaanga. Ana hoja, ingawa miiba inataka subira.

Saa 7 mchana

Kulala. Nje ni nyuzi 38.

Saa 11 jioni

Kubadilisha mshipi kwenye rili mbili, kuchaji betri, kusoma utabiri wa upepo. Kesho unageuka, unatoka mashariki, maana yake ile ncha ya leo huenda ikawa tupu.

Saa 2 usiku

Mwezi huu jua linazama baada ya saa mbili u nusu, na jioni sandi huibuka tena kwa muda mfupi. Niko juu ya ufuko wa mawe na darubini, sina ufito, natafuta mahali pa kesho. Kuna mipasuko ya maji kwenye mdomo wa ghuba, midogo, lakini imerudiarudia palepale.

Mteja wa kesho ameandika kuuliza kama tunaweza kuanza saa moja asubuhi, kwa sababu mkewe hapendi kuamka mapema. Nimemjibu kwamba saa hiyo nitakuwa nimeshaweka vyambo vya juu sandukuni, na kama ni lazima, afadhali tuhamishie siku nyingine arudishiwe pesa yake. Amejibu kwa alama ya kidole gumba, bila kutaja saa. Nikampigia. Wanakuja 10:45, na mke ndiye aliyepokea simu.